Mwalimu kaandika "umesimulia tu": filamu fupi ya wanafunzi inachambuliwaje?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili chuoni hapa Iringa, fani ya habari na utangazaji. Tulipewa kazi ya kuchambua mbinu za utengenezaji wa filamu fupi iliyotengenezwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu. Ni ya dakika tisa, wameipiga kwa simu kule Kilolo. Kijana anatoka mjini kwenda kumshawishi babu yake auze shamba la mianzi ya ulanzi (pombe ya utomvu wa mianzi) kwa mtu anayetaka kupanda misindano, ile miti ya mbao. Niliandika kurasa nne zenye vichwa vinne: picha, mwanga, sauti, uigizaji. Nimerudishiwa na maneno mekundu: "Umesimulia, hukuchambua." Nimepewa nafasi ya kuandika upya. Nakutumia filamu yenyewe na nilichoandika. Pia naomba kujua, ni haki kweli kuwakosoa watu waliotumia simu na hela zao za mfukoni?

JIBU

Marahaba, na kamwene. Filamu nimeitazama na kurasa zako nimezisoma. Mwalimu wako yuko sahihi, lakini usivunjike moyo, kwa sababu macho unayo. Kinachokosekana ni namna ya kuyatumia. Na wenzako wamefanya jambo kubwa kwenye filamu hii ambalo kurasa zako nne zimepita pembeni yake bila kuligusa.

Chukua sentensi yako ya ukurasa wa kwanza: "Babu anaonekana mwenye huzuni kubwa kwa sababu mjukuu wake anataka kuuza shamba la ukoo, jambo linaloonyesha mgongano wa kizazi cha zamani na kipya." Lugha haina kosa. Ila mtu aliyesoma skripti tu, bila kuiona filamu, angeweza kuiandika hivyo hivyo. Pitia kurasa zako zote na ujiulize kwa kila sentensi: huyu mwandishi alilazimika kukaa mbele ya skrini ili aandike hili? Pale ambapo jibu ni hapana, hapo umesimulia.

Sasa rudi dakika ya 2 na sekunde 14. Kamera iko ndani ya nyumba, inatazama nje. Kuta ni nyeusi tii, mlango umebana fremu kulia na kushoto, na katikati ya ule mwanga mwembamba babu ameketi kwenye kigoda, ametupa mgongo. Mjukuu anaingia kutoka kushoto, anasimama, anaamkia. Babu hageuki. Shoti, yaani kipande cha picha kati ya mkato mmoja na mwingine, inakaa sekunde 22 bila kukatwa, na uso wa babu hatuuoni hata kidogo. Kwa hiyo ile huzuni uliyoiandika haikutoka usoni mwake. Imetoka pale kamera ilipowekwa, na kwa mhariri aliyekataa kukata wakati sisi watazamaji tunamngojea akate. Hayo ndiyo mwalimu alitaka kuyasoma: nini kimefanywa, kinaonekana wapi, na kimetufanyia nini sisi tunaotazama. Mgongano wa vizazi uje baadaye, ukiwa umeshikwa na ushahidi.

Namna ya kutazama

Filamu ya dakika tisa haichukui muda, basi itazame kwa njia tofauti. Mara ya kwanza iangalie moja kwa moja bila kalamu, kama mtazamaji wa kawaida, na ukimaliza andika mistari michache ya ulichohisi na wapi ulichoka. Usiidharau karatasi hiyo, kwa sababu baadaye utakuwa unatafuta kilichosababisha hisia hizo. Mara ya pili zima sauti kabisa. Mara ya tatu washa sauti, igeuze skrini ukutani, usikilize tu. Kasoro nyingi za filamu za wanafunzi hujificha kwenye sauti, na macho yetu huzisamehe bila sisi kujua.

Baada ya hapo chora jedwali la shoti. Namba, dakika inapoanza, inakaa sekunde ngapi, ukubwa wa picha (pana, ya kati, ya karibu), engo, kamera imetulia au inatembea, na kinachosikika. Ni kazi ya kuchosha na watu wengi huiruka. Usiiruke. Nimehesabu shoti 74 katika filamu hii. Ukigawa sekunde 540 kwa 74 unapata wastani wa sekunde 7 na kidogo kwa kila shoti, na wastani huo peke yake haukuambii chochote. Lakini tazama zilivyogawanyika. Pale stendi mjini, mwanzoni kabisa, kuna shoti 31 ndani ya sekunde 70. Kule kwenye mianzi, kuanzia 4:20 hadi 6:18, kuna shoti 6 tu ndani ya sekunde 118. Mjini picha inakaa sekunde mbili na kitu, shambani inakaa karibu sekunde 20. Hapo tayari una hoja mkononi, na hukuitunga kichwani. Umeihesabu.

Onyesho moja, si filamu nzima

Kosa la vile vichwa vyako vinne ni kwamba vimekulazimisha kugusa kila kitu na kutochimba popote. Chagua onyesho moja ulichambue mpaka liishe, halafu mengine uyalinganishe nalo. Mimi ningechukua lile la mianzi.

Shoti ya kwanza ni pana, sekunde 25. Ukungu umefunika nusu ya juu ya picha, babu yuko kushoto, mdogo, mjukuu kulia. Ya pili ni mikono ya babu kwa karibu, sekunde 34 mfululizo: kisu kinapunguza kijipande chembamba kwenye ncha ya mwanzi mchanga, kama inavyofanywa asubuhi na jioni ili utomvu uendelee kutoka, kisha vidole vinarudisha mbeta, kile chombo cha kukingia utomvu, mahali pake. Ya tatu ni uso wa mjukuu, sekunde 9. Ya nne ni mdomo wa mbeta na tone linalojikusanya na kuanguka, sekunde 14. Ya tano ni babu, sekunde 12. Ya sita ni pana tena, wote wawili, sekunde 24.

Shoti ya tatu uliisifu: "mwigizaji ameonyesha aibu kwa ustadi." Iangalie tena, safari hii bila sauti. Uso hauna kitu. Macho yametulia, mdomo umefungwa. Kisha rudi 0:48 pale stendi, uso wa kijana huyo huyo akisoma ujumbe kwenye simu. Ni uso ule ule! Kule tulimwona amechoka, huku tunamwona ana aibu. Tofauti haijaletwa naye, imeletwa na picha zilizowekwa kabla na baada ya uso wake. Jambo hili lilijaribiwa Urusi miaka ya mwanzo baada ya mapinduzi ya 1917, na mwongozaji Lev Kuleshov. Alichukua picha ya uso mtulivu wa mwigizaji Ivan Mosjoukine akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke, na inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, majonzi na tamaa katika uso usiobadilika. Kwa hiyo sifa ya shoti ile mpe mhariri, na mpe mwongozaji aliyethubutu kutuonyesha mikono sekunde 34 kabla ya uso. Ukiandika hivyo, msomaji wako anajua ulichambua.

Sasa shoti ya tano, ambayo hukuigusa kabisa. Katika shoti ya kwanza babu yuko kushoto na mjukuu kulia. Uso wa mjukuu katika shoti ya tatu unatazama kushoto, sawa, anamtazama babu. Babu naye akionyeshwa anatakiwa atazame kulia. Lakini anatazama kushoto. Kamera imehamia upande wa pili wa mianzi, imevuka ule mstari usioonekana unaowaunganisha watu wawili, na kwa sekunde kadhaa wote wawili wanaonekana kama wanamtazama mtu wa tatu ambaye hayupo.

Je, ni makosa au ni makusudi? Swali hili huwasumbua wanafunzi wengi, na wapo wanaolikimbia kwa kuandika "mwongozaji alitaka kuonyesha mtengano." Hujui alitaka nini. Jibu litafute ndani ya filamu yenyewe: mstari umevukwa mahali pengine? Umevukwa. Dakika ya 0:31 kijana anaongea na mpiga debe, na wote wawili wanatazama kulia. Pale hakuna mtengano wowote wa kuonyeshwa, ni nauli tu inayojadiliwa. Kwa hiyo ni bahati mbaya, iandike hivyo bila woga. Ila usiishie hapo, sema imegharimu nini. Dakika ya 7:40 babu anamgeuzia mjukuu mgongo, na pale ndipo filamu nzima ilikuwa inaelekea. Lakini kwa kuwa ile shoti ya tano imeshatufanya tuhisi babu amegeuka kabla ya wakati wake, mgongo wa 7:40 unakuja umepungua nguvu. Hilo ndilo la kumwambia msomaji, na hata wenzako watakushukuru. Kusema tu "wamevunja kanuni" hakumsaidii mtu.

Sauti

Hapa ndipo filamu inapopanda na ndipo inapoanguka, na wewe umeipa mistari mitatu: "sauti haikuwa nzuri sana kutokana na vifaa."

Nianze na inapopanda. Dakika ya 4:18 kijana bado amelala chumbani, macho wazi, na tunasikia kisu kikikwangua. Hatujui ni nini. Sekunde mbili baadaye ndipo picha ya mianzi inakuja. Sauti imetangulia picha, na kwa sekunde hizo mbili shamba limeingia chumbani kwa kijana kabla yeye hajaamka kulifuata. Hakuna kifaa cha bei mbaya hapo. Ni mtu aliyeburuta kipande cha sauti nyuma kidogo kwenye programu ya uhariri, na alijua kwa nini anakiburuta.

Halafu dakika ya 4:58, katikati ya ile shoti ya mikono, kinanda kinaingia. Kinanda laini cha huzuni, aina ile inayopatikana bure mtandaoni, na kinafunika sauti ya kisu mpaka mwisho wa shoti. Niliumia. Sekunde 13 za mwanzo tulikuwa tunasikiliza kisu na upepo, tunajifikiria wenyewe. Kinanda kinapoanza tunaambiwa tuhuzunike. Onyesho hili lilikuwa limeiamini mikono ya yule mzee, kisha likapoteza imani. Hoja hii ni rahisi kuithibitisha kwa sababu nusu zote mbili ziko ndani ya shoti moja: linganisha sekunde 13 za kwanza na 21 zilizobaki.

Kuna na lile la mvua. Mazungumzo ya ndani kuanzia 6:40: kila babu akionyeshwa tunasikia mvua kwenye bati, kila mjukuu akionyeshwa mvua hamna. Mvua inawaka na kuzima kila wanapokatiana maneno. Chanzo chake unaweza kukieleza, na ukikieleza utaonyesha unajua kazi inavyofanyika. Ulanzi hugemwa msimu wa mvua, kwa hiyo ukitaka kuupiga picha halisi huna namna ya kuikwepa mvua. Bila shaka shoti za babu na za mjukuu zilipigwa saa tofauti, na hakuna aliyerekodi sauti tupu ya chumba. Dawa yake haina gharama: kabla ya kufunga vifaa kila mtu ananyamaza, simu inarekodi dakika moja ya mahali pale palivyo, na mhariri anaitandaza sauti hiyo chini ya mazungumzo yote ili mikato isisikike.

Mwanga, kwa kifupi

Umeandika kwamba "mwanga ulikuwa hafifu baadhi ya sehemu." Taja sehemu na useme sababu. Zipo mbili. Dakika ya 3:05 kijana anaingia mlangoni na kuziba mwanga. Simu, ikiwa imeachwa ijiamulie, inajiongezea mwanga yenyewe: ukuta uliokuwa mweusi unageuka kijivu mbele ya macho yetu na nje kunaungua kuwa nyeupe tupu. Zile kuta nyeusi za 2:14 zilikuwa nguzo ya onyesho, na hapa zinayeyuka kwa sababu hakuna aliyebonyeza skrini akaufunga mwanga usibadilike. Ya pili ni pale dukani, 1:32, ambapo mistari myeusi inapanda taratibu juu ya picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa ya tyubu inapepesa mara 100 kwa sekunde, na kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha) isipolingana na mapigo hayo mistari hutokea. Ikiwekwa sehemu ya 1 kwa 50 au 1 kwa 100 ya sekunde, mistari inaondoka.

Ukungu wa shambani nao ni sehemu ya mwanga, na ni mwanga mzuri kupita kiasi: hauna kivuli kikali, unailainisha ngozi ya mzee, unaficha mwisho wa shamba hata lionekane halina mpaka. Wamewahi asubuhi, wakautumia. Wasifu kwa hilo, kwa sababu jua la saa sita la huku kwetu hukaa karibu utosini na hutia weusi kwenye matundu ya macho, na filamu nyingi za wanafunzi hupigwa saa hizo hizo kwa kuwa ndipo watu wamekusanyika.

Uigizaji

Una haki uliposema mzee anashinda wote. Lakini jiulize mwongozaji amemsaidiaje. Amempa kazi ya mikono karibu kila anapoonekana, hajamwekea kamera usoni kwa muda mrefu, na amemwacha achanganye Kihehe na Kiswahili kama wazee wanavyoongea. Mtu asiye mwigizaji akiwa na kazi mkononi husahau kamera. Kijana amefanyiwa kinyume: amesimamishwa, mikono mitupu, akapewa sentensi ndefu zilizoandikwa kama insha. Hakuna kijana wa Iringa anayemwambia babu yake "rasilimali hii haina tija kiuchumi." Tatizo hilo ni la skripti, usimtwike mwigizaji.

Kuhusu haki

Ndiyo, ni haki kuwakosoa, na kutowakosoa ni kuwadharau. Ukiandika "kwa kuwa ni wanafunzi tunawasamehe" umesema hawana maamuzi, wana mapungufu tu. Tofautisha yale ambayo hela ingeyaondoa na yale ambayo yalihitaji kufikiri tu. Chembechembe za picha gizani ni hela, zipite. Mstari uliovukwa, kinanda, dakika moja ya ukimya ambayo haikurekodiwa: hayo yote yalikuwa bure.

Uhaba pia si kitu cha kuonea huruma peke yake. Mwaka 1963 Ousmane Sembène wa Senegal alitengeneza "Borom Sarret", filamu fupi ya kama dakika 20 kuhusu mwendesha mkokoteni jijini Dakar. Picha zilipigwa bila sauti, sauti ikawekwa baadaye, na mazungumzo mengi ni mawazo ya yule mwendesha mkokoteni tunayoyasikia huku yeye akiendelea na kazi yake. Kilichokosekana kikawa ndiyo njia ya kutuingiza kichwani mwa mtu maskini. Kwa hiyo unapowasoma wenzako uliza swali hilo hilo: palipokuwa na uhaba, walifanya nini? Pale mlangoni, 2:14, walifanya. Pale kwenye mvua hawakufanya.

Na sifa nazo zitoe kwa ushahidi ule ule. "Picha ni nzuri sana" haimsaidii aliyeipiga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wenzako hawa bado wana filamu nyingi za kutengeneza.

Kuandika upya

Futa vichwa vinne. Weka hoja moja inayobeba karatasi yote, kwa mfano: filamu hii inampa babu muda na kumnyima mjukuu, na inafanya hivyo kwa urefu wa shoti, kwa sauti na kwa mahali pa kamera, lakini inajikwaa kila inapoacha kuuamini muda huo. Chini ya hoja hiyo stendi na mianzi vinapata nafasi (31 kwa 6), mlango wa 2:14 unapata nafasi, kisu cha 4:18 kinapata nafasi. Kinanda, mvua na shoti ya tano vinakuwa upande wa pili wa hoja ile ile, si orodha ya makosa iliyobandikwa mwishoni. Kisichohusiana na hoja, hata kama umekigundua kwa jasho, kiache. Ile mistari ya dukani mimi ningeiacha.

Hadithi ya filamu ipe sentensi mbili tu, mwanzoni. Kila dai liwe na dakika na sekunde yake kwenye mabano, ili mwalimu aweze kufungua na kuona unachokiona. Neno "mwongozaji alitaka" libadilishe liwe "picha inafanya" au "shoti inatufanya", isipokuwa kama wamewahi kusema wenyewe. Kuwauliza waliotengeneza si vibaya, ila nenda kwao rasimu ikiwa imekamilika, sio kabla, maana ukiwasikiliza kwanza utaanza kuona kile walichokikusudia badala ya kilichopo kwenye skrini. Wakikuambia ile shoti ya tano waliivukisha mstari makusudi, wasikilize kwa heshima, kisha warudishe 0:31 kwa mpiga debe uwaombe waieleze na hiyo.